Wimbo wa Kuingilia

Kabla ya kuingia kijiji chochote tulisimama pale ambapo mapaa ya nyumba za tembe yameanza kuonekana, tukatua mizigo, na Mwalimu akapita na kibuyu akimpa kila mpigaji funda moja la maji. Tuliyaita maji ya midomo. Hayakuwa ya kukata kiu. Uliyazungusha mdomoni, ukalowesha midomo, ndipo ukameza, maana tarumbeta halikubali midomo mikavu, na katika Ugogo wa kiangazi midomo yetu ilipasuka kama tope la dimbwi lililokauka. Kisha tulijipanga wawili wawili, mimi peke yangu mkiani, tukaanza wimbo wa kuingilia.

Tulikuwa saba. Matarumbeta yalitoka Ujerumani ndani ya masanduku, yamelazwa kwenye majani makavu, na Bwana Mchungaji wa misheni yetu ndiye aliyemfundisha Mwalimu kuyapiga. Lakini Bwana Mchungaji alikuwa mtu wa homa. Mara nyingi alibaki kitandani, sisi tukaenda na Mwalimu. Huyu alikuwa mtu wa pwani, mrefu, wa maneno machache, asiyependa kurudia alilokwisha kusema. Kazi yake ilikuwa kuhubiri. Yetu ilikuwa kumkusanyia watu wa kuwahubiria.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu watu wa nyanda zile walikuwa wameshasikia tarumbeta kabla yetu. Askari wa boma walikuwa nalo la kwao. Likilia, maana yake wamekuja kutafuta watu wa kubeba mizigo au kulima barabara, na kijiji kizima kilikimbilia vichakani na ng'ombe wake. Katika safari za mwanzo, kabla mimi sijaingia, Mwalimu aliwahi kufika mahali akakuta kuku peke yao na chungu kikichemka motoni. Ndipo akautengeneza wimbo wa kuingilia, wa polepole, usio na maneno, na chini yake akaweka tarumbeta kubwa lenye sauti nzito.

"Askari hupiga haraka, tena hupiga juu tu," alituambia. "Hawana chini. Mtu akisikia chini atajua hatukuja kumchukua. Siku tutakayouvunja wimbo huu, tutahubiria mbuzi."

Tarumbeta hilo kubwa tuliliita Dume. Mimi ndiye niliyelipiga.

Sikuanza kama mpigaji. Shule niliiacha mapema. Nilikuwa nimeshajua kusoma na kuandika kidogo, nikaona msafara unapita, nikataka kujua unakwenda wapi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutaka kujua kila kitu kinakwenda wapi, na sijawahi kukaa mahali nikazeesha mkeka. Nilibeba pembe, nikabeba nguo, nikabeba chumvi, nikafika misheni nikiwa mpagazi, nikapewa Dume nilibebe. Wiki ya pili nililimiminia maji mdomoni ili nijue yanazunguka mara ngapi kabla ya kutokea upande wa pili. Mwalimu alinikuta nimepiga magoti, sikio kwenye shaba. Nikangoja kofi.

"Umeona nini?" akauliza.

"Hayajatoka bado, Mwalimu."

Akachuchumaa, akangoja pamoja nami. Maji yalipotoka, akasema, "Aliyekuwa akilipiga amekwenda kuoa Mpwapwa, naona harudi. Wewe una pumzi?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Kwa miaka miwili nilitembea mkiani mwa watu sita nikila vumbi lao, nikihesabu. Kazi ya chini ni kuhesabu. Unapuliza, unangoja, unapuliza mara mbili, unangoja tena. Ukiwa unapuliza, kichwa chako chote ni Dume. Ukiwa unangoja, unahesabu. Wenzangu wanapiga nini huko mbele huna nafasi ya kusikiliza.

Wenzangu wale walikuwa watu wema. Lakini wote walilelewa pale misheni, walikuwa na wake, mashamba, na makaburi ya wazazi wao. Tukipumzika kivulini walizungumza habari za kwao: ng'ombe wa nani amezaa, nani amesogeza mpaka wa shamba. Nilisikiliza kwa hamu kama msomaji wa barua ya mtu mwingine. Mpiga tarumbeta la kwanza, mtu mfupi mwenye mdomo mkali, alikuwa akiniita kwa jina la chombo changu.

"Dume, hivi kwenu ni wapi hasa?"

"Huko nyuma."

"Mnasikia? Kwao ni nyuma! Ndiyo maana hatoki mkiani."

Wakacheka, nami nikacheka. Nilipochunguza moyoni niliona kwamba amesema kweli. Mahali pekee duniani palipokuwa pangu ni pale nyuma ya watu sita.

Safari ninayotaka kuisimulia tulikuwa tunakwenda Busi, kwenye vilima vya Kondoa. Tulipita Chamwino, tukaingia mbuga kavu, na siku iliyofuata mguu wangu wa kulia ukakataa. Walikuwa funza. Nilikuwa nimewaacha wakae, kwa uvivu na kwa udadisi pia, nikitaka kuona watakua kiasi gani, sasa kidole kilikuwa kimeoza na kisigino kimevimba. Katika kijiji tulichofika mchana ule watu walikuwa wanatujua. Tulishawapigia mwaka uliotangulia. Mwalimu akautazama mguu, akaugeuza, akaurudisha chini taratibu.

"Utabaki hapa," akasema. "Tukirudi kutoka Busi tukakuta unatembea, tutaingia nyumbani wote saba. Tukikuta hutembei sitaweza kukungoja, mvua zitatufungia njia. Dume nitampa mwingine, nawe utangoja msafara wa kukuchukua."

"Na huko Busi mtapigaje bila chini?"

"Wale ni Waislamu, watu wa biashara. Wameona mengi, hawakimbii tarumbeta." Alifungua kamba ya mzigo, akanitolea Dume, akaliegemeza ukutani karibu nami. "Piga kila asubuhi. Midomo isife."

Asubuhi waliondoka. Nilikaa kizingitini nikawatazama mpaka wakawa vumbi, halafu vumbi nalo likatua. Sikuwa nimewahi kuwaona wote sita wakienda bila mimi. Walionekana wametosha.

Mwenye tembe alikuwa mama mzee, mjane, ambaye ujanani aliwauzia wapagazi uwele na maziwa, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha njiani, kilichonyooka kama fimbo. Asubuhi nilimwamkia "Mbukwa" kama walivyoamkiana wao, akaniitikia "Mbukwa," akanikalisha juani, akachukua mwiba na kuanza kuchokonoa funza mmoja mmoja. Kila aliyetoka mzima alinionyesha.

"Tazama huyu. Mnene kuliko wewe."

"Mama, unaniumiza."

"Wewe ndiye umewafuga, mwanangu. Mimi nawahamisha tu."

Akapaka majivu, akapaka samli juu yake, akafunga kwa kipande cha ngozi laini. Kila siku alifanya hivyo. Kila siku nilijaribu kukanyaga, na kila siku niliuliza Busi ni siku ngapi kwa miguu, ingawa nilijua.

Nilipiga Dume kila asubuhi kama nilivyoagizwa. Siku ya kwanza watoto wa kijiji walijaa ukutani. Baada ya sauti kumi na mbili wakaanza kutazamana, baada ya ishirini wakaenda zao. Nani atakaa kusikiliza mtu anapuliza, ananyamaza, anapuliza mara mbili, ananyamaza? Aliyebaki ni fahali wa yule mama, mwekundu, mwenye nundu iliyolalia upande, aliyekuwa zizini katikati ya tembe. Nikipuliza, aliitika. Nikinyamaza, alinyamaza akanitumbulia macho. Kuna asubuhi ambazo huyo ndiye aliyekuwa mazungumzo yangu yote mpaka jua kupanda, kwa kuwa watu walikwenda kwenye visima vya mchangani na kurudi wamechoka, na lugha yao sikuijua zaidi ya salamu.

Asubuhi moja mama alikuwa anapepeta uwele. Akaacha ungo.

"Hicho unachopiga ni nini?"

"Wimbo wa kuingilia."

"Ule mnaoingia nao hapa?"

"Ndiyo huo."

"Si wenyewe. Huu ni kama mtu anabisha hodi na hafunguliwi. Imba basi nisikie."

Nikafungua mdomo. Sikuwa na cha kuimba. Nilitafuta kichwani, nikakuta puliza, ngoja, puliza mara mbili, ngoja. Nilikuwa nimeupiga wimbo ule katika kila kijiji kwa miaka miwili, na sikuujua. Nyimbo za kanisani nilizijua, maana zile tuliimba kwa maneno. Huu haukuwa na maneno, haukupigwa ila wakati wa kuingia, na kila ulipopigwa mimi nilikuwa ndani ya Dume.

"Siujui, mama."

Akanitazama kuona kama namtania. Alipoona sitanii, akacheka mpaka akashika ubavu, akawaita wanawake waliokuwa uani kwa jirani, akawaeleza kwa lugha yao, nao wakacheka. Mmoja alisema jambo ambalo lilizidisha kicheko, nikamwomba mama anitafsirie.

"Anasema wewe ni kama punda aliyebeba asali."

Kisha mama akauimba. Aliendelea kupepeta huku akiuimba bila kufungua mdomo, polepole, na ungo ukawa unashika zamu zake. Ulipanda, ukakaa juu kidogo kama mtu anayeangalia njia, ukashuka kwa upande mwingine. Sikujua kwamba ulikuwa unashuka kwa upande mwingine. Nilimwomba arudie. Mara ya tatu nilichukua Dume nikaingia chini yake, kwa sauti ndogo, na kila kitu kikakaa mahali pake. Mahali nilipokuwa nangoja, yeye ndipo alipokuwa anapanda. Nilipopuliza mara mbili, yeye alikuwa anashuka. Nilitaka kulia, na sikutaka aone, kwa hiyo nikaendelea kupuliza.

Tangu siku hiyo tulifanya hivyo kila asubuhi, yeye na ungo, mimi na Dume, fahali akiharibu. Vidonda vya mguu vikaanza kufunga. Nilitembea hadi kisimani, halafu hadi kisimani na kurudi, halafu hadi mahali kijiji kinapoishia na kurudi bila fimbo. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa mashariki. Nilijua Mwalimu atakuwa ameyaona. Nilipanga jinsi watakavyonikuta: sitangoja kizingitini kama mgonjwa. Nitasimama juu ya paa la tembe, ambalo lilikuwa tambarare, la udongo, na lilibeba mtu bila taabu. Watakapoanza wimbo kule mbali, mimi nitaujibu kwa chini. Watajua kabla hawajafika kwamba niko mzima, na kwamba sasa wimbo ninaujua.

Walikuja siku yenye mawingu, karibu na saa sita. Watoto ndio waliowaona. Nikapanda paa. Mama naye akapanda nyuma yangu akilalamikia magoti, akasimama pembeni yangu na ungo mkononi.

Uwanda ule ni wazi, mtu hana pa kujificha. Kiasi cha hatua mia tano niliwaona wametua mizigo. Niliona Mwalimu akipita na kibuyu. Nilijikuta nimelamba midomo yangu. Mama aliona, akashuka, akapanda tena na kata ya maji. Nikazungusha mdomoni, nikameza.

Wakaanza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliusikia wimbo wa kuingilia kama wanavyousikia wenye kijiji. Ulikuwa mzuri kuliko nilivyofikiri, na ulikuwa na chini. Mmoja wa wapagazi wetu alikuwa amefungiwa ngoma shingoni, bila shaka waliipata huko vilimani, na alikuwa anaipiga mahali pangu, akitembea mahali pangu, mkiani. Haukupwaya popote. Hakuna mtu kijijini aliyekimbia. Wanawake walikuwa wanatabasamu.

Nikanyanyua Dume, nikangoja upande wa kupanda upite, nikaingia. Nasema kweli, kwangu lilikaa sawasawa, kama kwenye ungo. Mama akanipiga bega: "Sasa umekamilika!" Nikapuliza, nikangoja, nikapuliza mara mbili.

Kule mbele tarumbeta la kwanza likayumba. Halafu la pili. Yule wa ngoma akageuza kichwa huku na huku. Mwalimu, aliyekuwa anatembea mbele yao, akanyoosha mkono kuelekea kwangu, kiganja wazi, akausukuma chini mara mbili. Nyamaza. Nilidhani sikuona vizuri, nikapuliza tena. Akausukuma chini tena, kwa nguvu zaidi.

Nikashusha Dume. Wimbo ukajishika, ukaendelea, ukaingia kijijini umenyooka. Fahali tu ndiye aliyeendelea kuitika.

"Mbona umeacha?" mama akauliza.

"Wametosha."

Walipofika, Mwalimu alinishika mikono yote miwili. Aliutazama mguu, akaukandamiza kwa kidole gumba, akafurahi. Nilimpa Dume, akalipangusa vumbi kwa kanzu yake, akanirudishia. "Leo pumzika," akasema. "Umesimama sana juu ya paa na mguu wenyewe ni mpya. Kesho tutaona." Siku nyingine ningeyasikia maneno hayo kama yalivyokuwa. Siku ile niliyasikia na kile kiganja chake ndani yake. Yule mpagazi alipiga ngoma kwenye ibada, mimi nikakaa kwa wasikilizaji, katikati ya watoto. Sikumwuliza Mwalimu kwa nini. Mimi, niliyekuwa nimeuliza kila kitu tangu nizaliwe, hilo sikuliuliza, maana nilidhani najua.

Alfajiri nililaza Dume kwenye ngozi mlangoni pa Mwalimu, mdomo wake nimeufunika kwa kitambaa ili funza wasiingie. Wachuuzi wa chumvi walikuwa wanapita kuelekea kusini. Mpiga tarumbeta la kwanza alikuwa uani anaosha uso.

"Dume, unakwenda wapi na mguu huo?"

"Kisimani."

"Kibuyu kiko wapi?"

Nikampita. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake na ungo mtupu. Niliinamisha kichwa, nikashika njia nyuma ya wachuuzi.

Miaka ilipita, sikuihesabu. Reli ilipofika Dodoma nilikuwa miongoni mwa waliobeba mataruma ya kulazia vyuma vyake. Asubuhi moja nilitumwa kupeleka maji kwa watu waliokuwa mbele sana, mahali njia inaponyooka mbugani. Kule mwisho alikuwepo mtu mmoja akipigilia misumari kwa nyundo ndefu, na hapakuwa na mwingine karibu naye. Nilikuwa namtazama bila kuwaza lolote. Nyundo ikapanda, ikashuka. Kimya. Ilikuwa imeanza kupanda tena, ndipo nikasikia chuma kinalia.

Nikasimama. Nyundo ikashuka. Kimya. Ikapanda, chuma kikalia.

Niliweka ndoo chini. Nilitazama mara nyingi, sijui ngapi, mpaka msimamizi akanitukana kutoka nyuma kwa lugha tatu. Sauti ilikuwa inatembea. Ilikuwa inatoka kwake inakuja kwangu kwa miguu, kama sisi tulivyokuwa tunakwenda, na ilichelewa njiani. Wimbo wao ulinifikia juu ya paa umechelewa. Mimi nikaujibu sawasawa na nilivyousikia, na jibu langu nalo likatembea mbuga ile ile kurudi kwao, likafika limechelewa mara mbili, likawaangukia wakiwa wameshapanda. Mwalimu alikuwa anauokoa wimbo wake usivunjike mbele ya kijiji. Mtu yeyote angenyoosha mkono.

Wakati huo nilikuwa nimeshasikia kwamba Mwalimu amefariki. Misheni ilikuwa mwendo wa siku tatu, na sikuwa na wa kumwendea.

Nilinyanyua ndoo nikaanza kutembea kando ya reli. Nilimtazama yule mtu kila alipopiga. Nilipokwenda hatua mia, kimya kilikuwa kimepungua. Hatua mia nyingine, kikapungua zaidi. Nyundo na sauti vilikuwa vinasogeleana kidogo kidogo, na mimi nilitembea polepole nisivipite. Nilipofika kiasi cha kumgusa, vilikuwa kitu kimoja.

Akaacha kupiga, akajifuta jasho.

"Unatafuta nini?"

"Nimeleta maji," nikasema.

Akapokea kata, akanywa funda la kwanza, akalizungusha mdomoni kabla ya kumeza.